Mehrunissa na Ukuta wa Kaskazini

Katika majengo mawili pacha ya Malvern, kule pembe ya kaskazini-mashariki ya Scarborough, nchini Kanada, hapakuwa na mtu aliyefua mapazia mara nyingi kama Mehrunissa. Majirani walimtania kwamba hata nzi akitaka kuingia kwake hufuta miguu kwanza. Yeye alicheka, akaendelea kupiga deki. Alizaliwa Tabora, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, akaolewa Tanga na Bahadur, karani wa kiwanda cha mkonge. Wote wawili waliingia Kanada katika miaka ya sabini na masanduku yao na mtoto mmoja, Amyn. Sasa Amyn alikuwa mtu mzima na familia yake huko Calgary, na watu wa Afrika Mashariki waliokuwa wakiishi jengoni walimwita mama yake kwa jina la mwanawe, Mama Amyn.

Usafi wote huo ulikuwa na adui mmoja, na adui mwenyewe alilala naye chumba kimoja. Fleti yao ilikuwa ya pembeni katika jengo la mashariki, upande wa kaskazini unaopigwa na upepo bila kizuizi. Madirisha yalikuwa yale yale yaliyowekwa siku jengo lilipojengwa, fremu zimelegea na mipira yake imekauka ikapasuka. Baridi ikianza, maji yalichuruzika ndani kutoka kwenye vioo, yakalowesha ukuta. Januari yaliganda yakawa barafu chini ya dirisha, ndani ya nyumba kabisa, na kufikia Machi ukuta ulikuwa umeota kuvu nyeusi kuanzia dirishani hadi nyuma ya kitanda. Mehrunissa aliisugua, ikarudi, akaisugua tena. Wakahamishia kitanda sebuleni, lakini sebule nayo ilikuwa na ukuta huo huo wa kaskazini, na kuvu ikawafuata huko.

Aliyeumia ni Bahadur. Ujanani alivuta vumbi la mkonge, akaja kuvuta la kiwanda cha mazulia North York mpaka alipostaafu, na sasa mapafu yake hayakuwa na cha kuongeza. Kila msimu wa baridi alikohoa hadi machozi yakamtoka. Alikuwa mtu wa kwenda jamatkhana, nyumba yao ya ibada, kila jioni, mtu wa kusimama mlangoni na kuulizia hali ya kila aingiaye, lakini aliacha kwenda miezi ya theluji kwa sababu aliona haya kukohoa katikati ya sala za wenzake. Mehrunissa alimpenda mumewe huyu. Waliishi miaka na miaka bila kuambiana hivyo, lakini alipomsikia anakohoa chooni huku amefungulia bomba ili asisikike, alihisi kifua chake mwenyewe kinabanwa. Daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba dawa hazitasaidia kitu ikiwa mgonjwa atarudi kulala penye unyevu.

Wahamie wapi, sasa? Kodi za nyumba nyingine mjini zilikuwa mbali sana na pensheni zao, na foleni ya kungojea nyumba nyingine ya bei nafuu ilikuwa ya miaka, si ya miezi. Amyn angewachukua, lakini mwaka huo alikuwa amepunguzwa kazini, na wao wenyewe hawakutaka kumwongezea mzigo. Shirika lililomiliki majengo hayo lilijibu kila mwaka, kwa upole sana, kwamba madirisha yamo katika mipango. Fedha ndizo hazikuwamo.

Ndipo ukaja mwaka 2009, na mambo yakapinduka.

Mwaka huo uchumi ulianguka kifudifudi. Viwanda vya vipuri vya magari vilifungwa kimoja baada ya kingine, na katika mojawapo unga wa Kuria ukamwagika. Kuria na mkewe Winfred walikuwa Wakenya, wenyeji wa Nyeri, na waliishi mlango wa pili kutoka kwa Mehrunissa. Winfred alikuwa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Urafiki wao ulianzia ndani ya lifti, siku Winfred alipokuwa akimgombeza binti yake kwa Kiswahili, na bibi wa Kihindi aliyesimama pembeni na mfuko wa viazi akadakia, kwa Kiswahili safi cha Tabora, kwamba mtoto hana kosa, mwacheni. Winfred nusura aanguke. Tangu siku hiyo walikuwa mama na mwana. Binti yule aliwaelewa wote wawili vizuri tu, akawajibu kwa Kiingereza.

Mji nao ulikuwa umebanwa. Watu waliokosa kazi hawakuleta kodi tena, bali walikuja kuomba msaada, na kwa sheria za huko mji hauruhusiwi kutumia zaidi ya unachokusanya. Hazina ya jimbo ilikuwa na matundu yake yenyewe. Basi serikali kuu kule Ottawa ikatangaza fedha za kuinua uchumi, na jimbo likaweka sehemu yake, ili miji na mashirika yatengeneze vile vilivyokuwa vikiahirishwa miaka yote: mabomba, barabara, maktaba, na nyumba za zamani za bei nafuu. Mafundi wangepata kazi, mji ungepona bila kupandisha kodi au kufunga huduma, na wakazi wangepata madirisha. Ulikuwa mpango mzuri, na hata wanaoisema serikali kila asubuhi waliukubali. Kulikuwa na sharti moja tu. Kazi iwe imekwisha kabla ya tarehe iliyowekwa, na isipokwisha, gharama inarudi kwa wenye majengo.

Meneja wa majengo aliitisha mkutano pale chini kwenye ukumbi wa kuingilia. Aliwaambia wapangaji kwamba shirika limepata fungu, na fungu lenyewe linatosha kutengeneza jengo moja vizuri: madirisha yote, kuta za nje na boila mpya. Kugawa nusu huku na nusu kule hakukuruhusiwa. Injinia wa kujitegemea angekuja kukagua fleti moja katika kila upande wa kila jengo, na jengo lililo hoi zaidi ndilo litakalofanyiwa kazi. Upande wa kaskazini wa jengo la mashariki ulikuwa haujapangiwa fleti. Watu wote wakageuka wakamtazama Mehrunissa.

"Kwa Mama Amyn," Kuria akasema. "Huko ndiko kubaya kuliko kote. Akiingia huko tu, amemaliza."

Hakuna aliyepinga. Usiku huo Bahadur alimwambia mkewe kwamba huenda mwakani akaenda jamatkhana hata Januari, na Mehrunissa akajigeuza upande ili asimwone anavyolia kwa furaha.

Siku ya ukaguzi ilipokaribia, mwezi wa Septemba, Winfred alipita kwake kabla ya kwenda kazini, tayari amevaa sare.

"Mama Amyn, niskize. Huyo mtu akikuja, usiguse kitu. Wacha aone vile iko."

"Mgeni aingie kwangu aone ukuta mweusi?"

"Ndiyo maana anakuja, Mama. Aone ukuta mweusi. Usisugue, usipake, usifunike. Niahidi."

"Nimekusikia, mwanangu. Sigusi."

Na kweli alikusudia kutogusa. Tumwamini katika hilo. Lakini kwao Tabora mgeni hakuwa mtu wa kuonyeshwa shida. Mama yake, hata mwaka ule duka lilipokuwa halina kitu, aliazima sukari kwa jirani ili mgeni anywe chai tamu, kisha akakaa akamsimulia habari njema tupu. Malalamiko yalikuwa ya wenyewe kwa wenyewe, mlango ukishafungwa. Mehrunissa alilelewa humo, na mtu aliyelelewa hivyo kwa miaka sitini na kitu humwoni akibadilika kwa sababu ya tangazo la meneja.

Asubuhi ya siku ile aliamka akautazama ukuta. Kiangazi kilikuwa kimeukausha kidogo, lakini madoa yalikuwapo, na mvua ya juzi ilikuwa imeanza kuyaamsha. Akasema afute pale penye pembe tu, panapotia kinyaa. Akafuta kwa jiki, pakawa peupe, na kwa sababu pale pamekuwa peupe, pengine pote paliaibisha zaidi. Akafuta pote. Sasa ukuta ukawa na mabaka. Bahadur, badala ya kumzuia, akakumbuka kwamba wana nusu kopo la rangi nyeupe chini ya sinki, akavua koti akapanda kiti. Rangi ikanuka, ikabidi wafukize udi. Rangi ikakataa kukauka kwa sababu ya unyevu, wakaleta hita ya umeme wakaielekeza ukutani. Pembe ile iliyooza kabisa, ambayo hata rangi haikushika, wakaisogezea kabati la nguo, wazee wawili wanasukuma huku wanacheka kama maharusi. Adhuhuri ilipofika, chumba kilikuwa kizuri. Mehrunissa alisimama mlangoni akakisifu kwa sauti, akaenda kukaanga kachori.

Injinia aliitwa Bwana Kowalchuk, pande la mtu mwenye masharubu, ambaye babu zake walitoka Ukraine. Alipofika mlangoni alivua buti zake bila kuambiwa. Ukweli ni kwamba mambo yaliharibikia hapo. Mtu anayevua viatu mwenyewe Mehrunissa alimwona ni mtu wa heshima, na mtu wa heshima hawezi kuingizwa kwenye nyumba ya kilio.

Akaketishwa. Akapewa kachori na chatini ya ukwaju, akapewa chai ya maziwa yenye iliki, akanywa, akaongezwa. Akatoa kifaa chake cha kupimia unyevu, akakigusisha ukutani. Hita ilikuwa imefanya kazi tangu asubuhi.

"Madirisha haya hayaingizi maji?" akauliza.

"Kidogo tu," Mehrunissa akasema kwa Kiingereza chake. "Nyumba zote huwa hivyo."

"Na kuvu?"

"Tunasafisha. Kula kachori nyingine, ni za moto."

"Hapa nyumbani kuna mtu mwenye matatizo ya kifua?"

Bahadur alikuwa chooni, bomba linamwagika. Swali lilimkuta huko huko. Akajifuta macho, akatoka ameinua kidevu. "Kifua cha nani?" akasema. "Mimi natembea kila siku mpaka kule madukani na kurudi." Kowalchuk akacheka, akampa mkono. Kisha akaliangalia kabati.

"Nyuma ya hili kuna nini?"

"Nguo tu," Mehrunissa akasema.

Angeweza kulisogeza. Lilikuwa kabati la kawaida, naye ana mikono mikubwa. Lakini alikuwa ameshakula kwao, na huoni unaanzaje kusukuma samani za bibi aliyekukirimu. Akaliacha. Alipokuwa anafunga buti zake mlangoni, na kachori zilizobaki zimefungwa kwenye karatasi ya foili chini ya kwapa, alimwambia kwamba katika majengo yote mawili hajaona nyumba inayotunzwa vizuri kama hii. Mehrunissa alifurahi mpaka jioni.

Jioni Winfred akarudi kutoka kazini. Hakuhitaji kuambiwa aingie, na hakuhitaji kuonyeshwa. Harufu ya rangi ilimpokea koridoni.

"Mama Amyn," akasema polepole. "Umefanya nini?"

"Nimepokea mgeni," Mehrunissa akasema, na alipolisikia neno lake mwenyewe likitoka, uso ukaanza kumshuka.

Walichagua jengo la magharibi. Meneja alitangaza katika ukumbi ule ule wa chini, kwa sauti ya mtu mwenye habari njema, na kweli kwa nusu ya waliohudhuria zilikuwa njema. Alieleza kwamba majengo yote mawili ni mabovu, lakini huko magharibi upande wa kaskazini umeonekana kuwa umeoza, na huku mashariki fleti iliyokaguliwa upande huo imekutwa kavu na katika hali nzuri. Hakutaja jina la mtu, wala hapakuwa na haja. Wapangaji wa mashariki waliondoka mmoja mmoja. Hawakumgombeza. Mzee mmoja hata alimbonyeza bega alipompita, na Mehrunissa aliona afadhali angetukanwa.

"Nimemfungia mume wangu humu kwa mikono yangu," alimwambia Winfred.

"Usiseme hivyo."

"Niseme nini basi?"

Winfred alichukua simu akaomba miadi. Kesho yake walikwenda wote kwa meneja. Meneja aliwasikiliza, na si kwamba hakuwaamini. Alisema kila kitu kimekwisha kupelekwa mjini, mji umekwisha kupeleka jimboni, na fungu limeidhinishwa kwa jengo lile kwa jina lake. Kubadili ni kuanza upya, na ukianza upya tarehe itawapita, na tarehe ikipita majengo yote mawili yatakosa. "Mnataka niwanyang'anye wale?" akauliza. Mehrunissa alikuwa na rafiki mle magharibi, mjane mwenye mjukuu mgonjwa. Akasema hapana.

Desemba, ukuta ukiwa umelowa tena na rangi ya Bahadur inabambuka vipande vipande, Winfred alimpigia Kowalchuk mwenyewe. Alikuja. Safari hii kabati lilikuwa limesogezwa. Kowalchuk aliisogelea ile pembe, akaweka kiganja chake ukutani, akakitazama kilivyolowa. Bahadur alikuwa kitandani anakohoa, na safari hii hakuweza kujizuia.

"Kwa nini hukuniambia?" Kowalchuk akauliza. Hakuwa na hasira. Alionekana kama aliyepigwa.

Mehrunissa alitafuta Kiingereza cha kueleza mama yake, na sukari ya kuazima, na buti zilizovuliwa mlangoni. Akakikosa.

"Ulikuwa mgeni wangu," akasema.

Kowalchuk aliwaandikia wakubwa waliomtuma, akasema amekosea na kwamba upande huu ni mbaya kuliko ule. Alipopata jibu alimpigia Mehrunissa simu yeye mwenyewe, hakumwachia meneja. Mikataba imetiwa sahihi, alisema. Hakuna anayekataa kwamba ukuta umelowa. Fungu limekwisha, basi. Alisema samahani mara nyingi mpaka Mehrunissa akaanza kumtuliza.

Masika ya 2010 majukwaa ya chuma yalisimamishwa kuzunguka jengo la magharibi. Kutoka sebuleni kwake Mehrunissa aliyaona yote. Madirisha ya zamani yaliteremshwa kwa kamba, mapya yakapandishwa yamefungwa plastiki. Na Kuria, aliyekuwa amekaa nyumbani zaidi ya mwaka mzima, aliyefikia hatua ya kunyoa ndevu siku za Jumapili tu, alipata kazi pale pale ya kufunga madirisha. Nyumba yao ilirudi kuwa nyumba. Winfred aliacha zamu za ziada, binti akarudi kwenye masomo ya kuogelea, na Kuria akaanza tena kupiga mluzi kwenye lifti. Maktaba ya mtaani ilipakwa rangi na haikupunguza saa zake. Barabara iliyokuwa na mashimo ikawekwa lami. Mji ulikuwa umepata kuvuta pumzi, na Mehrunissa, aliyekuwa akitazama yote hayo dirishani, hakuweza hata kujifariji kwamba serikali ni mbaya. Fedha zilikuja kama walivyoahidiwa. Ziliwafikia watu. Zilimpita yeye kwa upana wa uwanja wa kuegeshea magari.

Kuria ndiye aliyeona haya zaidi. Kila alipotoka kazini na gundi mikononi alipita mlango ule kwa haraka. Jumamosi moja akashindwa, akabisha hodi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama nje? Ingia."

"Nilikuwa nasema, naweza kuwaletea dirisha. Kuna mengine yamebaki. Nikiongea na msimamizi..."

"Litaingia?"

Kuria aliingia, akapima kwa tepu. Halikuingia. Madirisha ya majengo haya mawili, ingawa ni pacha, yalitofautiana kwa upana wa viganja viwili, na kulifanya litoshe ni kubomoa ukuta, na ukuta si wake wala si wao. Badala yake alileta silikoni akaziba kila ufa, akatandika plastiki nzito juu ya vioo, akafanya kazi hiyo mchana kutwa na kukataa hata chai. Upepo ulikoma kweli. Lakini nyumba iliyozibwa hivyo ikakosa pa kupumulia, na majira ya baridi yalipokuja ukuta ulitoka jasho kuliko miaka yote. Kuria alipoona hivyo alikaa kwenye kiti cha Bahadur akashika kichwa.

"Umefanya mema," Bahadur akamwambia. "Usijali."

"Ningekuwa nimewaacha tu, Mzee."

"Ungetuacha, tungekufa kwa upepo. Chagua mwenyewe."

Bahadur alikuwa na utani huo mpaka katikati ya majira hayo ya baridi. Kisha akalazwa na nimonia, akatoka, akalazwa tena kabla theluji haijaisha. Mehrunissa alikaa kando ya kitanda cha hospitali, akamwona mumewe anapumua vizuri pale penye kuta kavu, akatamani, na aliona dhambi kutamani hivyo, asipone haraka. Daktari alimwita pembeni. Alisema mapafu yale yatavuka kiangazi bila shida, lakini majira mengine ya baridi katika nyumba ile hayatayavuka. Akaandika barua ya kuomba wahamishwe kwa sababu ya ugonjwa. Wakasogezwa mbele katika foleni, na hata huko mbele walikuwapo wagonjwa wengi.

Kazi ya jengo la magharibi ilichelewa kidogo. Miradi mingi nchini ilichelewa, serikali ikaongeza muda, na Oktoba 2011 ilipofika madirisha yote yalikuwa yamekaa na boila inanguruma. Kukaandaliwa sherehe uwanjani, kati ya majengo mawili, utepe na kipaza sauti na viti vya kukunja. Mheshimiwa mmoja mbunge angekuja kukata utepe. Asubuhi hiyo upepo ulishakuwa na makali, na Bahadur alikuwa amevaa sweta mbili ndani ya nyumba.

"Nitamwambia," Mehrunissa akasema, akifunga mtandio mbele ya kioo.

"Mwambie nini?"

"Kila kitu."

Alikuwa amejiandaa na Winfred wiki nzima. Winfred alijifanya mheshimiwa, akaketi kwenye kochi na kuuliza maswali, na kila Mehrunissa alipoanza na "hatujambo, tunashukuru," Winfred alimkatiza. "Hapana, Mama. Anzia kwa kifua." Walirudia mpaka akaweza. Ilimgharimu. Kila alipoitaja ile kuvu kwa mdomo wake alihisi anavuliwa nguo mbele za watu.

Hotuba zilitolewa, na zilikuwa za kweli. Mheshimiwa alieleza jinsi fedha zilivyotoka kwa serikali kuu na jimbo, jinsi zilivyouepusha mji na kupandisha kodi wakati wa dhiki, watu wangapi walipata kazi. Alimtaja hata fundi mmoja, mkazi wa hapa hapa, na Kuria alisimama kidogo na kukaa haraka. Watu walipiga makofi. Mehrunissa naye alipiga. Utepe ukakatwa, na mheshimiwa akaanza kuzunguka akiwapa watu mikono, mpaka akamfikia.

"Na wewe, mama, unayafurahia madirisha yako mapya?"

Winfred alikuwa nyuma yake. Mehrunissa aliunyoosha mtandio wake.

"Mimi siishi hapa," akasema. "Naishi lile pale. Mume wangu anaumwa kifua."

Akaanzia hapo, hakusimama. Alisema kuhusu maji na barafu na kuvu. Alisema kuhusu jiki, na rangi, na hita, na kabati walilolisukuma, na kwamba yeye ndiye aliyemficha injinia ukweli, injinia hana kosa. Alisema daktari amesema nini juu ya msimu huu unaoanza. Hakupunguza wala hakutia chumvi. Watu waliokuwa karibu walisogea, na Winfred akajikuta amemshika mkono. Hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa Kiingereza.

Na mheshimiwa alisikiliza. Hakutazama saa, hakugeuka kumtafuta mtu mwingine. Mehrunissa alipomaliza, alimwinamia kidogo akamwambia kwamba mpango huu unafungwa mwezi huu huu, na fedha zake zimekwisha zote, na kwamba habari kama hizi ndizo zinazohitaji kusikika pindi mpango mwingine utakapofikiriwa. Akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili. Akamshukuru kwa kuwa mkweli. Msaidizi wake kijana akamwomba jina, akaliandika, akauliza herufi zake, kisha wakasogea kwa mtu anayefuata.

Winfred alitaka kuwafuata. Mehrunissa alimvuta.

"Mwache, mwanangu. Amesikia."

Alipanda na lifti peke yake. Bahadur alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, amejifunika blanketi mabegani, anamngoja. Mehrunissa aliona kwenye uso wa mumewe kwamba hakujua aulize au asiulize.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote. Na kabati, na rangi, na kifua chako."

"Akasemaje?"

Mehrunissa alivua mtandio, akaukunja vizuri, akauweka juu ya meza.

"Amenishukuru."

Bahadur alitaka kucheka, kikohozi kikamwahi, na mkewe akakaa kando yake akamshika mgongo mpaka kikapita.